Darasa la Saba Juu ya Madungu

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru, lakini nyinyi walimu vijana mna vituko: mtu mmemwambia kazi basi, kisha mnampa saa ya kumwonyesha kuwa amechelewa. Mke wangu ameitundika sebuleni, na kila nikipita naiona inanikazia jicho kama hedimasta.

Mkaniomba pia niandike ya kazini, mpate kusoma wakati wa chai. Haya. Lakini nani alipanda cheo lini na mshahara ulikuwa ngapi, hayo siyagusi. Cheo changu mnakijua, na mshahara wangu ulikuwa kama mgeni wa harusi: anakuja, anakula, anaondoka. Nitawapa habari za shule yangu ya kwanza, kule nyuma ya Jilore karibu na mto, miaka ya themanini mwanzoni, kabla hatujaletewa darasa la nane. Jina la shule naliacha. Wenyewe wako hai, na midomo wanayo.

Mie ni mtoto wa Shella, Malindi mjini. Shule niliiachia kidato cha pili. Nikiulizwa kwa nini, husema karo, lakini karo ilikuwa nusu ya sababu. Nusu ya pili ilikuwa hesabu. Basi Mungu naye hakosi mzaha, akanipa kazi ya kufundisha hesabu. Wakati ule walimu waliosomea walikuwa hawatoshi, na shule za huko ndani zilimchukua yeyote anayejua chaki inaandikia upande gani.

Siku ya kwanza nilishuka barabarani nikatembea saa nzima na nusu kwenye mchanga, nimevaa suruali nyeupe na viatu vya raizoni, vile vya soli nene kama tofali. Soli moja ilibaki njiani. Nikaripoti kazini mguu mmoja mrefu, mmoja mfupi.

Hedimasta alikuwa Mwalimu Kalama, mtu wa Rabai, mfupi, shati lake limepigwa pasi mpaka lingeweza kusimama bila yeye. Watu wa Rabai mnawajua, hawakuachi usahau kwamba kwao shule ilifika mapema.

"Kwetu Rabai watu walikuwa wanasoma," aliniambia hata kiti sijapewa, "wakati nyinyi wa Malindi mnabishana halua ya nani ndiyo tamu."

"Na mpaka leo hatujaafikiana, mwalimu."

Akanitazama miguu, soli iliyopo na isiyokuwapo. "Ualimu umesomea wapi?"

"Sijasomea."

"Alhamdulillahi," akasema, naye ni Mkristo wa kanisani kila Jumapili. "Basi hutakuwa na mengi ya kusahau."

Shule yenyewe ilikuwa vyumba vinne vya udongo na makuti, madarasa saba, walimu watatu. Wa tatu alikuwa karatasi: barua ya kumleta ilifika, mwenyewe hakufika. Tukawa wawili. Chumba kimoja madarasa mawili, yamepeana mgongo, ubao mmoja huku, mmoja kule, na mwalimu katikati anazunguka kama feni. Ukiwapa la nne hesabu, unageuka kuwasomea la tano hadithi ya fisi. Dakika mbili tu, mtoto wa la nne kainua mkono nyuma yako. Unafurahi, unadhani ana swali la hesabu. Anauliza fisi alifika?

Ubao Kalama alinifundisha kuupika. Ndiyo, kuupika. Unakusanya betri za redio zilizokufa, unazivunja, unatoa ule mkaa wa ndani, unautwanga, unauchanganya na uji mwembamba wa muhogo, unapaka kwa kitambaa, kisha unaliachia jua kazi yake. Muhogo usizidi. Mie niliuzidisha, na saa ya mapumziko mbuzi wa jirani akaingia akauramba ubao na ramani ya Kenya juu yake. Alianzia Kisumu, nilimkuta yuko Nairobi.

Vitabu vilikuwa haba, kimoja watoto sita, wamekizunguka kama sinia la wali. Waliokaa upande wa pili walisoma herufi zimesimama kichwa, na wakazoea. Alikuwako msichana wa darasa la tano akiitwa Dama, mwembamba, mwepesi wa ulimi. Huyo ukimpa kitabu peke yake, kwanza anakigeuza juu chini, ndipo asome vizuri.

Na Dama huyo ndiye aliyenipokea darasani. Nilisimama mbele nikawasalimu kwa Kiswahili changu cha Shella, nimekivuta na kukinyoosha, nimewakaribisha katika bahari ya elimu na upuuzi mwingine wa namna hiyo. Dama akamnong'oneza mwenzake kwa Kigiriama, na darasa zima likaanguka kwa kicheko. Jioni nikamuuliza Kalama yule mtoto alisema nini.

"Alisema unaongea kama redio," Kalama akanijibu. "Usijisifu. Redio ya hapa haina betri, zote ziko kwenye ubao."

Basi nikaendelea. Kitabu cha hesabu kilitaka Kiingereza, nami Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha pili, chembamba, kikipigwa na jua kinakatika. Nikifundisha kwa Kiswahili, na Kiswahili kikikwama, Dama anawatafsiria wenzake kwa Kigiriama. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatafsiri au anasahihisha.

Miezi michache ikapita vizuri. Kisha asubuhi moja nikaingia darasani nikakuta watoto wanne. Kesho yake watatu. Nikadhani ni mimi, nimewachosha. Kalama akasema hapana, ni mpunga.

Kule bondeni karibu na mto watu wanalima mpunga, na mpunga ukianza kushika maziwa wanakuja kwelea, wale ndege wadogo wa midomo myekundu. Hawaji mmoja mmoja, wanashuka kama blanketi, na wakiinuka wameacha makapi. Kwa hiyo kila shamba lina dungu, yaani kitanda cha miti juu ya nguzo ndefu, na juu yake anakaa mtoto tangu alfajiri, ana kombeo na kamba za mikebe, kazi yake kufukuza ndege. Mtoto akishuka kwenda shule, familia inashuka pia, inashuka kwenye njaa.

Mie wa mjini nilikuwa sijui hilo, na nilichokuwa sijui nilikifidia kwa sauti. Nikaenda bondeni kwa babake Dama, Mzee Thoya, mtu mrefu, mkavu, shamba lake la kwanza kabisa kando ya matete wanakolala ndege.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mjomba." Huko sisi Waswahili wanatuita wajomba, na Thoya alilitamka neno hilo kama mtu anayemsifu mbuzi asiyekusudia kumnunua.

"Dama hajaonekana shule siku tisa."

"Mimi namwona kila siku. Yule pale juu."

"Mzee, sheria inasema mtoto awe darasani."

"Sheria yako inakula mpunga?"

"Hapana."

"Ndege wanakula. Basi tuanze na ndege, sheria tutaifikia." Akafikiri kidogo. "Au tufanye hivi, mjomba. Wewe panda dungu, mtoto aende shule. Ukiweza kazi yake, mchukue msimu mzima."

Nikaona ni bei nafuu. Kesho yake Dama akaenda shule, nami nikapanda. Jiwe langu la kwanza la kombeo lilikwenda nyuma badala ya mbele, likavunja mtungi wa maji wa Mama Dama. La pili sikujua limekwenda wapi, nadhani bado linakwenda. Nikavuta kamba za mikebe, zikalia, ndege wakaruka, wakazunguka, wakarudi wakatua juu ya mikebe yenyewe. Ilipofika saa nne Thoya akaja, akasimama chini ya dungu akitazama shamba lililojaa midomo myekundu.

"Mjomba," akasema taratibu, "nakusifu. Darasa lako limejaa. Leo hakuna aliyekosa."

Dama akarudi dunguni siku hiyo hiyo, nami nikarudi kwa Kalama na aibu yangu. Nilidhani atacheka. Alicheka, lakini baadaye akasema neno nililoishi nalo kazi nzima: "Athmani, serikali haikukutuma umlete mtoto kwenye ubao. Imekutuma ubao na mtoto vikutane. Nani atembee, hilo mtajua wenyewe."

Msimu uliofuata nikakata kipande cha mbao nyembamba, nikakipikia weusi wake, muhogo kiasi, nikakitia kamba nikakibeba mgongoni kama kobe. Alfajiri nashuka bondeni kwa wakubwa, naenda dungu kwa dungu. Naandika hesabu tatu, mtoto anazifanya juu ya goti huku jicho moja liko angani, nahamia dungu la pili. Kalama anabaki shuleni na wadogo. Jua likipanda, ndege wakaenda kupumzika, nami narudi nao shuleni, sote na matope mpaka magotini. Kalama alikuwa na amri moja tu, hakuna kuingia darasani na matope, iwe mwanafunzi au mwalimu. Mlangoni palikuwa na kopo la maji, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya kliniki.

Aliyegundua dawa ya ndege hakuwa mie, alikuwa Dama. Wakati huo yuko la sita.

"Mwalimu," akanipigia kelele kutoka juu, "ndege wamezoea mikebe. Mawe pia wamezoea. Lakini hawajazoea watu wakisema pamoja."

"Unataka mseme nini?"

"Tuseme ile ya saba."

Ile ya saba ilikuwa jedwali la saba, lililokuwa likiwashinda wote, na tuambiane ukweli, hata mie jioni nililipitia kwanza kwa siri. Dama akasimama kwenye dungu lake akaita, "Saba mara tatu!" Dungu la pili likajibu, "Ishirini na moja!" kisha likaita lake, "Saba mara nne!" na la tatu likajibu. Hivyo hivyo mpaka mwisho wa bonde, kisha ikarudi. Na kwelea, wallahi, walikuwa wakifika juu ya matete wanasikia saba mara nane, wanageuka. Sikuwalaumu. Nami ndivyo nilivyofanya kidato cha pili.

Wazee walipenda. Walikuwa wakipalilia huku midomo yao inachezacheza. Thoya mwenyewe akanitamkia, kwa shida kama mtu anayetoa mwiba, "Mjomba, hii hesabu yako ina kazi."

Sasa nifike kwenye mwaka wenyewe. Dama yuko la saba, darasa la mtihani, wako kumi na mmoja. Muhula wa mpunga ukiwa umeanza tu, ikaja barua. Kalama aliisoma mara mbili, akavua miwani. Ofisi ilikuwa imeamua kwamba shule ndogo zenye watoto wachache madarasa ya juu, watoto hao wahamishiwe shule kubwa. Yetu ingekuwa ile ya ng'ambo ya mto. Mkaguzi angefika muhula huo kuhesabu, bila kutaja siku. Darasa la saba likitimia kumi na mmoja, litabaki. Likipungua hata mmoja, linavuka.

Kuvuka maana yake mtumbwi asubuhi na mtumbwi jioni, katika mto wenye mamba na viboko. Wavulana wengine wangevuka. Wasichana, wazazi walishasema hapana. Thoya alisema mbele ya mkutano: "Dama hatavuka mto ule kwa ajili ya kuandika. Darasa likiondoka, yeye amemaliza shule." Dama alikuwa amesimama mlangoni, akasikia.

Kalama akawasihi: "Basi watoto wote waje darasani kila siku, mpaka mkaguzi apite."

"Atapita siku gani?" akauliza Thoya.

"Haijulikani."

"Ya ndege inajulikana. Kila siku."

Mkutano ukaishia hapo. Tukabaki tukiomba mkaguzi aje siku ya maziwa ya bure ya serikali, maana siku ya maziwa hata waliomaliza shule walikuja. Nami nikafanya kosa langu, ambalo nawasimulia ili mlifanye vizuri zaidi yangu au msilifanye kabisa.

Rejista. Mara ya kwanza nilikwenda nayo bondeni, ikalowa umande ikavimba kama mkate. Kalama akanigombeza. Nikaona niiache mezani. Sasa asubuhi natoka giza halijaondoka, na watoto najua wote wako madunguni, hawana pa kwenda, mtoto wa dungu hatoroki. Kwa hiyo Jumatatu moja, kwa mwandiko safi kabisa, niliwatia alama za kuhudhuria wote kumi na mmoja, wiki nzima. Nilijiona mwerevu. Nikasema hii ndiyo inaitwa kupanga kazi.

Jumatano ya wiki hiyo, saa mbili na nusu asubuhi, niko juu ya dungu la Dama na kombeo mkononi, nampumzisha aandike insha, nikaona mpunga unafunguka. Anakuja Kalama, uso umemshuka, na nyuma yake bwana mmoja wa tai, suruali imelowa mpaka mapajani, kabeba rejista yangu kifuani kama mtoto mgonjwa.

"Wewe ndiye mwalimu wa darasa la saba?" bwana yule akaniita kutoka chini.

"Ndiye mimi, bwana mkaguzi."

"Cheti chako cha ualimu kiko wapi?"

"Mwenyewe nakisubiri, bwana."

Akafungua rejista. "Leo siku gani?"

"Jumatano."

"Hapa naona Alhamisi wote kumi na mmoja wamehudhuria. Ijumaa pia wamehudhuria. Hebu nieleze."

Nikatafuta neno. Nina maneno mengi mimi, lakini siku ile yalikuwa hayajahudhuria. Aliyejibu ni Mzee Thoya, kasimama kando na jembe lake. "Bwana, watahudhuria tu. Ijumaa ndege wanakuja, nimeulizia."

Mkaguzi hakucheka. Kalama akamwomba asikilize watoto, wakaanza jedwali lao, likaenda mpaka mwisho wa bonde likarudi. Mkaguzi alisikiliza lote, wala hakuwa mtu mbaya, namtetea mpaka leo. Alifunga rejista akasema, "Ni vizuri. Lakini mimi sihesabu sauti, nahesabu watu walioketi darasani. Nina shule mbili nyingine leo. Nawapa nusu saa."

"Hii ndiyo saa ya ndege," Kalama akasema. "Wakishuka wote sasa..."

"Mwalimu, mpunga haumo katika barua yangu."

Wazazi walikuwa wameshasogea, wote wanamtazama Thoya, kwa sababu shamba lake ndilo la kwanza kando ya matete. Ndege wakishuka, wanaanzia kwake. Na baada ya yale aliyosema mkutanoni, kila mtu alijua asipomtoa Dama, hawatimii.

Thoya akamwendea mkaguzi. "Wakihesabiwa wakatimia, darasa linabaki hapa?"

"Linabaki mpaka mtihani."

"Unaandika?"

"Naandika mbele yao."

Thoya akatazama matete, kisha akatazama mpunga wake, akakata suke moja akalibonyeza kwa kucha, likatoa maziwa. Akasema bila kuinua kichwa, "Dama, teremka."

"Baba, na ndege?"

"Mimi nipo. Nimewafukuza kabla hujazaliwa. Teremka, usinicheleweshe."

Akateremka, na wengine kumi wakateremka, na akina mama na wazee wakaanza kupanda wao. Thoya goti lake moja lilikuwa halikunji. Nikamsukuma nyuma mpaka akafika juu, huku ananitukana kwa Kigiriama kirefu kizuri ambacho Dama alikataa kunitafsiria. Kisha tukakimbia shuleni.

Watoto wakaketi. Mkaguzi akatembea kati ya deski akihesabu kwa ncha ya kalamu. Akafika mwisho. "Kumi."

Moyo wangu ukaanguka mahali soli yangu ilipoanguka. "Hesabu tena, bwana."

"Kumi. Wa kumi na mmoja yuko wapi?"

Dama akainua mkono. "Yuko nje, bwana. Sidi. Anaosha miguu."

Amri ya Kalama! Wengine wote walikuwa wameiruka, ila Sidi, mtoto mtiifu kuliko wote, alikuwa pale mlangoni kwenye kopo, anajisugua kidole kwa kidole. Kalama, mtu wa amri yake, akamwita kwa sauti sijawahi kuisikia tena: "Sidi, ingia na matope yako!" Akaingia, akakanyaga sakafu iliyofagiwa, akaketi. Kumi na mmoja.

Nikadhani yamekwisha. Mkaguzi akavuta kiti, akataka maazimio ya kazi, akataka daftari, akaanza kuandika katika kitabu cha wageni kwa mwandiko wa mtu asiyelima. Nusu saa ikawa saa. Watoto wametulia kama waliomo msikitini, lakini masikio yao yako bondeni. Na kutoka bondeni zikaanza kuja sauti. Wazee walikuwa wameishiwa na matusi ya kuwapigia ndege, wakaingia kwenye jedwali. Mama mmoja anaita saba mara tano, mwingine anajibu. Kisha sauti kavu ya Thoya, juu ya zote: "Saba mara nane, hamsini na nne!"

Kabla sijawazuia, darasa la saba lote likageukia dirishani, na kwa sauti moja: "NA SITA!"

Kutoka mbali Thoya akajibu, kwa hasira, "Haya, na sita!"

Mkaguzi aliuma kalamu. Mabega yalimcheza, akainama kana kwamba anatafuta kitu sakafuni. Aliponyanyuka alikuwa na uso wa kazi tena. Akaandika mbele yao, kama alivyoahidi, kwamba darasa linabaki. Chini yake akaandika kwamba mwalimu wake aandikiwe barua ya onyo kwa zile siku mbili zilizohudhuriwa kabla hazijafika. Barua ilikuja. Nilistahili. Walimu vijana, siku msiiweke alama mpaka iishe.

Tukawafungulia, wakatoka mbio, nami nyuma yao. Mashamba mengine ya bondeni yalikuwa yamedokolewa huku na huku, wenyewe wanalalamika na kucheka. Nikafika kando ya matete. Shamba la Thoya, ule upande wote wa mto, masuke yalikuwa yamesimama wima. Suke lenye mpunga huinama. Yale yalikuwa yamesimama kama majani ya ufagio.

Thoya yuko bado juu ya dungu, kombeo limemlalia mapajani, sauti imemkauka. Dama akasimama chini akiangalia shamba, akaanza kulia, kilio cha bila kelele.

"Walikuwa wengi," Thoya akasema. Hakuniita mjomba. "Mwalimu, huyu sasa usimrudishe huku. Hakuna tena cha kulinda."

Nikataka kumwomba radhi. Akanikataza kwa mkono, akataka tu nimsaidie kushuka, kwa sababu ya lile goti.

Kesho yake, Alhamisi, nilikwenda shuleni kabla ya mapambazuko kuchukua ubao wangu wa mgongoni. Nikamkuta Dama ameketi kizingitini, miguu mikavu, kitabu kifuani.

"Mbona mapema hivi?" nikamuuliza.

"Leo, mwalimu," akasema, "sina pa kupitia kwanza."